Mchezaji yupi wa hoki ya barafuni alivuka matarajio kuliko wote katika msimu mmoja?

Baharia wa Shangani, Mtwara

Ndugu zangu wa Kusini, salamu. Ninajua kwamba barafu tunayoifahamu wengi wetu ni ile ya kuhifadhia samaki, na kwamba mchezo wa kuteleza juu yake kwa viatu vyenye vyuma huku umeshika gongo haukuzaliwa pwani hii. Hata hivyo tumo humu watu kadhaa tunaoufuatilia kwa simu zetu, hasa sisi wa zamu za usiku, kwa sababu wakati wa baridi yao mchezo unaoanza saa moja jioni kule New York hutukuta hapa saa tisa usiku, na ule wa Las Vegas hutukuta alfajiri tukijiandaa kurudi nyumbani. Usiku wa kuamkia jana nilibishana na mwenzangu wa zamu mpaka kukapambazuka, na kwa kuwa hatukuafikiana, nalileta swali lenyewe kwenu.

Ni mchezaji yupi wa ligi ya NHL, yaani ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, ambaye, katika msimu mmoja tu, aliyapita kwa mbali zaidi yale aliyotarajiwa kuyafanya? Naomba tuelewane mapema kwamba simtafuti mchezaji bora. Mtu aliyetarajiwa kufunga mabao hamsini akafunga sitini ni hodari, lakini hakumfanya mtu yeyote aulize jina lake mara mbili.

Mimi ninamtaja William Karlsson, Mswidi aliyecheza katikati ya safu ya ushambuliaji ya Vegas Golden Knights msimu wa 2017/18. Msimu uliotangulia, akiwa na Columbus Blue Jackets, alicheza michezo 81 na kufunga mabao 6. Ukijumlisha kazi yake yote ya awali, Anaheim na Columbus, unapata mabao 18 katika michezo 183. Alipofika Vegas alifunga mabao 43 na kutoa pasi za mabao 35 katika michezo 82, na klabu hiyo, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuishi, ikaongoza kundi lake na kufika fainali ya Kombe la Stanley, yaani kombe la bingwa wa ligi, ilikofungwa na Washington Capitals kwa michezo minne dhidi ya mmoja.

Lakini mabao si hoja yangu kubwa. Hoja yangu ni namna alivyofika Vegas. Kwa kuwa klabu ile ilikuwa mpya, kanuni ziliiruhusu kuchukua mchezaji mmoja kutoka kila klabu kati ya 30 zilizokuwapo, miongoni mwa wale ambao klabu zao hazikuwakinga. Columbus walikuwa na wachezaji wengine wasiokingwa ambao waliogopa kuwapoteza, ndipo wakawapa Vegas haki yao ya kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza ya mwaka 2017 na raundi ya pili ya mwaka 2019, nao Vegas wakakubali kuubeba mkataba wa David Clarkson, aliyekuwa majeruhi wa muda mrefu, na kumchukua Karlsson badala ya hao wengine. Ni sawa na mfugaji anayekupa jogoo wawili bure ili umwondolee tetea asiyetaga, kisha tetea yule akifika kwako anataga mayai 43. Matarajio ya mtu huyu hatuhitaji kuyakisia, kwa maana yaliandikwa, yakatiwa saini na kulipiwa.

Mwenye jina lingine alete, ila aje na sababu.

Mwalimu wa Kilwa Masoko

Ndugu Baharia, mfano wa kuku nimeupenda, lakini jibu siliafiki. Ninamleta Jordan Binnington, kipa wa St. Louis Blues, msimu wa 2018/19.

Tarehe 3 Januari 2019 St. Louis ilikuwa ya mwisho katika ligi nzima ya klabu 31. Kocha alikwisha badilishwa tangu Novemba, na klabu yenyewe, iliyoanza kucheza mwaka 1967, haikuwahi kulitwaa Kombe la Stanley hata mara moja. Siku nne baadaye wakampanga golini kijana wa miaka 25 ambaye walimchagua mwaka 2011 katika raundi ya tatu ya uchaguzi wa chipukizi, akiwa wa 88, na ambaye katika miaka yote iliyopita kati hapo hakuwahi kuanzishwa katika mchezo hata mmoja wa NHL. Siku hiyo alicheza dhidi ya Philadelphia na hakuruhusu bao lolote. Kuanzia hapo alishinda michezo 24, akapoteza 5 ndani ya muda wa kawaida na mmoja katika muda wa nyongeza, na katika hatua ya mtoano akawa kipa wa kwanza aliye katika msimu wake wa kwanza wa ligi kushinda michezo yote 16 inayohitajika ili kulibeba kombe. Mchezo wa saba wa fainali ulichezwa Boston, nyumbani kwa wapinzani, tarehe 12 Juni, naye akaokoa mashuti 32 wakashinda 4 kwa 1.

Ninaongeza jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko takwimu. Msimu wa 2017/18, wakati Karlsson wako akifunga Vegas, Binnington alikuwa amekopeshwa kwa Providence, yaani timu ya daraja la chini inayowalea wachezaji wa Boston. Klabu yake haikuwa na mahali pa kumweka, ikamwazima kwa jirani, na mwaka uliofuata ndiye aliyemnyima jirani huyo kombe mbele ya mashabiki wake. Wewe unasema Columbus walilipa ili Karlsson aondoke. Mimi ninasema mchezaji anayelipiwa angalau anajadiliwa mezani. Binnington hakujadiliwa na mtu.

Tena tuzingatie kazi ya kipa. Mshambuliaji akikosa mara tisa na kufunga mara moja tunamshangilia, bali kipa akiokoa mara tisa na kufungwa mara moja, bao lile ndilo linalozungumzwa mpaka kesho. Kumtoa mtu benchi, kumweka mahali pasipo na pa kujificha, katika timu inayoburuta mkia, kisha timu ikabeba kombe miezi mitano baadaye, sioni kwa mshambuliaji yeyote kitu kinacholingana na hicho.

Kijana wa Nachingwea

Mwalimu, ikiwa tunaingia kwa makipa, basi tusimsahau Andrew Hammond wa Ottawa Senators, msimu wa 2014/15. Alikuwa kipa wa tatu, na aliitwa kwa sababu makipa wawili waliomtangulia walikuwa wameumia. Huko daraja la chini alikotoka alikuwa amepoteza michezo mingi kuliko aliyoshinda. Mwezi Februari Ottawa ilikuwa nyuma kwa pointi 14 kuifikia nafasi ya mtoano, na Hammond akacheza akashinda michezo 20, akapoteza mmoja tu ndani ya muda wa kawaida na miwili baada ya muda huo. Ottawa ikaingia. Mashabiki walimpa jina la utani linalotokana na mikate ya nyama, wakawa wanairusha mikate hiyo uwanjani kwa furaha, na mchezaji mwenzake mmoja aliokota mmoja akautafuna palepale.

Ninakiri kwamba katika mtoano alipoteza michezo miwili ya kwanza dhidi ya Montreal akarudishwa benchi. Lakini swali halikuhusu kombe.

Dereva Mstaafu, Mikindani

Vijana wangu, shikamooni mtaipokea nyinyi leo, kwa kuwa mimi ndiye ninayekuja darasani. Mwaka 2006 nilikuwa nikiendesha gari la wageni waliofanya kazi ya gesi huko Msimbati, na baadhi yao walikuwa Wakanada. Watu wale wangeweza kukosa chakula wasilalamike, lakini wakikosa matokeo ya hoki safari nzima ya kutoka mjini ilikuwa kimya kama msibani. Hapo ndipo nilipolisikia jina la Jonathan Cheechoo, na nililisikia kila siku.

Cheechoo alizaliwa Moose Factory, kijiji cha Wakri, wenyeji wa asili wa Kanada, kilichomo katika kisiwa cha mtoni karibu na Ghuba ya James, kaskazini mwa jimbo la Ontario. Alichaguliwa na San Jose Sharks mwaka 1998, na kabla ya msimu ninaouzungumzia rekodi yake kubwa ilikuwa mabao 28. Msimu wa 2004/05 haukuchezwa kabisa kwa sababu ya mgogoro wa mikataba kati ya wamiliki na wachezaji. Ligi iliporudi, msimu wa 2005/06, macho ya watu yalikuwa kwa Jaromir Jagr wa New York Rangers na kwa kijana mpya wa Kirusi, Alexander Ovechkin. Jagr alifunga 54, Ovechkin 52, na aliyewapita wote ligi nzima ni huyu wa Moose Factory, kwa mabao 56.

Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto wa shule aliambiwa aandike anajiona wapi siku za mbele, akaandika kwamba ataichezea San Jose. Kwa hiyo ukiniuliza ni nani aliyemtarajia Cheechoo, nitakujibu kwamba ni Cheechoo mwenyewe.

Ninajua mtanipinga kwa jina la Joe Thornton. Ni kweli, Thornton aliletwa kutoka Boston mwishoni mwa Novemba 2005, na msimu ule alitoa pasi za mabao 96, akatwaa tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote. Lakini pasi haiingii golini peke yake. San Jose walikuwapo wengine waliocheza na Thornton, na hakuna mwingine aliyefika hamsini.

Mkulima wa Newala

Ninawasoma tangu jana, na ninaona kila mmoja anapima matokeo lakini hakuna anayepima makisio yenyewe. Sisi wa korosho tunajua kwamba kuna namna mbili za kuvuka makisio. Unaweza kukisia tani moja ukavuna mbili kwa sababu mwaka ulikuwa mwema, ukungu haukuwa mwingi wakati wa maua, na ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, ukakupita pembeni. Au unaweza kuvuna mbili kwa sababu aliyekisia aliitazama mikorosho iliyosongamana, isiyowahi kupuliziwa salfa, dawa ya ugonjwa huo, hata mara moja, akaandika kile alichokiona. Katika hali ya kwanza shamba limevuka makisio. Katika hali ya pili makisio yalikuwa mabovu tangu siku yalipoandikwa.

Sasa nimtazame Karlsson kwa jicho hilo. Katika mabao yale 43 alipiga mashuti 184, maana yake zaidi ya mashuti 23 katika kila mia yalizaa bao, ilhali mshambuliaji wa kawaida hupata kama moja katika kila kumi. Huo ni mwaka mwema, na msimu uliofuata alifunga 24. Hata hivyo, kuna upande wa pili ambao Ndugu Baharia hakuutaja, nami ninashangaa kwa nini hakuutaja kwa kuwa unamsaidia: kule Columbus alikuwa akipewa kama dakika 13 kwa mchezo, nyuma ya wakubwa, na kazi yake zaidi ilikuwa kuzuia. Vegas walimpa karibu dakika 19, wakamweka katikati ya Jonathan Marchessault na Reilly Smith, ambao nao klabu yao ya Florida iliwaachia waende. Mti ule ulipewa nafasi na ukapuliziwa salfa kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo kwa Karlsson ninaona nusu ni bahati na nusu ni kosa la mkisiaji. Kwa Cheechoo, mzee wangu Dereva, shikamoo, hesabu ni kali zaidi: kabla Thornton hajafika alikuwa na mabao 7 katika michezo 24, na baada ya kufika kwake akafunga 49 katika michezo 58. Ukipanda mnazi kando ya kisima usiniambie ni mbegu.

Kuhusu Hammond, michezo isiyofika 25 ni mche, bado si mti. Nikilazimishwa kuchagua nitamfuata Mwalimu, kwa kuwa Binnington alivuna msimu mrefu, na alivuna katika shamba ambalo wengine wote walishindwa.

Bi. Mstaafu wa Ligula

Nanyi mnazungumza kana kwamba magongo huchezwa barafuni tu. Sisi tuliosoma zamani tuliucheza mpira wa magongo kwenye majani, na mwaka 1980 Tanzania ilipeleka timu ya wanaume ya mchezo huo kwenye Olimpiki ya Moscow. Watu wanawakumbuka Filbert Bayi na Suleiman Nyambui kwa medali zao za fedha, na wana haki, lakini timu ile ya magongo ilifungwa na India 18 kwa 0, na India ndiyo iliyotwaa dhahabu.

Nisemalo si hilo. Katika michezo hiyohiyo timu ya wanawake ya Zimbabwe, nchi iliyokuwa na miezi michache tu ya uhuru, ilipewa mwaliko wiki chache kabla ya michezo kuanza kwa sababu nchi nyingine zilikuwa zimesusia. Nahodha wao alikuwa Ann Grant. Walicheza michezo mitano, wakashinda mitatu na kutoka sare miwili, hawakupoteza hata mmoja, na walipoifunga Austria 4 kwa 1 katika mchezo wa mwisho wakaondoka na dhahabu. Inasimuliwa kwamba kila mmoja wao aliahidiwa ng'ombe, na walipofika nyumbani ng'ombe wale walikuwa wamegeuka vifurushi vya nyama. Sijui katika NHL yenu kuna nani aliyefanana nao.

Baharia wa Shangani, Mtwara

Bi. Mkubwa, shikamoo, na ahsante, kwa kuwa bila kukusudia umenipa neno nililokuwa ninalitafuta tangu usiku ule. Tuache kwamba niliuliza mchezaji mmoja na wewe umeleta timu. Kwa wanawake wale wa Zimbabwe hapakuwa na matarajio yoyote, ya juu wala ya chini, kwa sababu hakuna aliyepata muda wa kuyaweka. Waliikuta karatasi tupu. Binnington na Hammond nao, kwa kiasi fulani, waliikuta karatasi tupu: hakuna aliyeandika kwamba hawawezi, ila tu hakuna aliyeandika kitu. Karlsson peke yake ndiye aliyekuwa amekwisha pimwa kwa michezo 183, akaandikiwa alama, na alama ile ikaonwa ndogo kiasi cha klabu kuongeza nyingine juu yake ili aondoke. Kuvuka mstari uliokwisha chorwa na kuandika juu ya karatasi tupu si kazi moja, hata kama ya pili inapendeza zaidi kuisimulia.

Mwalimu, kwa Binnington ninakukubalia karibu kila kitu, isipokuwa kwamba St. Louis kabla ya msimu haikuonekana kuwa timu mbovu; mbovu ilikuwa nafasi yao mwezi Januari. Ryan O'Reilly, aliyepewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano, alikuwa mbele ya kipa yule usiku wote.

Mkulima, mashuti 23 katika mia sitayatetea, yalikuwa mwaka mwema kweli. Lakini niliuliza kuhusu msimu mmoja, na korosho ya mwaka mwema mnadani hainunuliwi kwa bei ya huruma. Nenda katazame bao la tarehe 31 Machi 2018 dhidi ya San Jose, Vegas wakiwa pungufu uwanjani kwa adhabu, Karlsson akapitisha gongo katikati ya miguu yake mwenyewe na kumfunga kipa, bao lililowahakikishia uongozi wa kundi lao. Mwaka mwema haufundishi mtu kufanya vile.

Mwalimu wa Kilwa Masoko

Bao hilo nimelitazama mara tatu tangu ulipoliandika, na ninaliondoa katika hesabu ya bahati. Mengine 42 ninayaacha palepale alipoyaweka Mkulima.

Dereva Mstaafu, Mikindani

Mkulima, marahaba. Mnazi kando ya kisima nimeukubali, nami nimecheka peke yangu barazani mpaka mke wangu akaja kuuliza. Lakini mwaka uliofuata Thornton alikuwapo bado, kisima kilekile, na Cheechoo akafunga 37. Nieleze hapo maji yalikwenda wapi.